Saa za Ziada Dhidi ya Bonasi ya Kumaliza Mapema: Mwongozo Kamili wa Hesabu ya Mkandarasi

Mkandarasi anayepata hasara kwa kukimbilia bonasi kwa kawaida hakosei kujumlisha. Anakosea kuchagua kinachojumlishwa. Anachukua gharama ya saa za ziada, anailinganisha na bonasi ya siku anazotarajia kuokoa, anaona bonasi imezidi, kisha anaagiza saa mbili za ziada kila siku hadi makabidhiano. Mradi unakamilika siku chache tu mapema, mafundi wamechoka, orodha ya kasoro ni ndefu, na bonasi iliyopatikana haifikii fedha iliyokwisha kulipwa. Aliuliza saa moja ya ziada inagharimu kiasi gani, ilhali alipaswa kuuliza siku moja iliyookolewa kweli inamgharimu kiasi gani, na itamgharimu kiasi gani wiki ijayo.

Mwongozo huu unajibu swali hilo la pili. Mfano mmoja unatumika tangu mwanzo hadi mwisho, na fedha zake zimeandikwa kwa vizio tu, ili uweke sarafu na viwango vyako mwenyewe.

## Vitu vya kuweka mezani kabla ya kuanza

- Mkataba mzima, pamoja na viambatisho na barua zote zilizobadilisha tarehe ya kukamilika.
- Ratiba ya kazi iliyosahihishwa wiki hii, si ile iliyowasilishwa pamoja na zabuni.
- Karatasi za mahudhurio na malipo za wiki nne zilizopita.
- Vipimo vya kazi iliyofanyika katika wiki hizo: mita za mraba za lipu na vigae, mita za ujazo za zege, idadi ya milango iliyofungwa.
- Orodha ya gharama za saiti zinazolipwa kwa siku au kwa wiki, kama vile ulinzi, kreni ya kukodi, majukwaa ya kupandia na mshahara wa msimamizi.
- Sheria ya kazi inayokuhusu, na makubaliano na chama cha wafanyakazi kama yapo.

Kama huna vipimo vya kazi iliyofanyika, ahirisha uamuzi kwa wiki mbili uvikusanye. Hesabu yote inayofuata inasimama juu ya vipimo hivyo, na ukivikisia utakuwa umekisia jibu lenyewe.

## Hatua ya 1: Soma kifungu cha bonasi ukitafuta sababu za kunyimwa

Mkandarasi husoma kifungu cha bonasi akitafuta kiasi. Kisome kwa jicho la mtu atakayekataa kulipa, kwa kuwa siku ya malipo kitasomwa hivyo.

Anza na maana ya kukamilika. Je, ni siku jengo linapoweza kutumika, siku mhandisi anapotia saini cheti, au siku kasoro ya mwisho inaporekebishwa? Tofauti kati ya siku hizo tatu inaweza kuwa kubwa kuliko siku zote unazotaka kuokoa. Kama cheti ndicho kinachohesabiwa, uliza mhandisi ana siku ngapi za kuja kukagua baada ya kuarifiwa, na siku hizo zinahesabiwa upande wa nani.

Kisha angalia kama bonasi inalipwa kwa siku kamili pekee au hata kwa sehemu ya siku. Jambo hili linaonekana dogo, lakini katika Hatua ya 7 utaona likigeuza faida kuwa hasara.

Angalia pia ukomo. Mwaka 2007, barabara ya juu katika makutano ya MacArthur Maze huko Oakland, Marekani, ilipoporomoka kwa moto wa lori la mafuta, mkataba wa kuijenga upya uliahidi bonasi ya dola 200,000 kwa siku, lakini kwa ukomo wa dola milioni 5. Maana yake ni siku 25, na siku ya 26 haikuwa na bonasi hata kidogo. Ukomo wa namna hiyo unapokuwepo, uandike pembeni kwa idadi ya siku na si kwa fedha, kwa sababu saa za ziada unazipanga kwa siku.

La mwisho ni kuongezewa muda. Katika mikataba mingine, mvua kubwa au mabadiliko ya michoro husogeza mbele tarehe ya bonasi pamoja na tarehe ya kukamilika. Mingine husema tarehe ya bonasi haisogei kwa sababu yoyote ile. Aina hii ya pili inahitaji tahadhari kubwa, kwani hatari yote ya hali ya hewa na ya maamuzi ya mwenye mradi imewekwa mabegani mwako.

Dalili ya kufanikiwa: unaweza kuandika kwa sentensi moja, bila kufungua mkataba, ni tukio gani linalosimamisha saa ya bonasi, nani analithibitisha, na bonasi inakoma siku ya ngapi.

## Hatua ya 2: Tafuta tarehe ya kumaliza bila saa za ziada

Bonasi huhesabiwa kuanzia tarehe ya mkataba, si kuanzia tarehe iliyomo kwenye ratiba yako. Kwa hiyo siku hiyohiyo moja iliyookolewa ina thamani tofauti kulingana na mahali ulipo leo.

Kama ratiba ya sasa inaonyesha utachelewa siku tatu, siku tatu za kwanza utakazookoa hazileti bonasi. Zinakuepusha na fidia ya ucheleweshaji, ambayo mara nyingi ina kiwango chake. Bonasi inaanza na siku ya nne. Kama kwa upande mwingine tayari uko mbele kwa siku mbili, bonasi ya siku hizo ni yako hata usipolipa saa moja ya ziada, na si haki kuiandika kuwa faida ya saa za ziada. Nimeona hesabu nyingi zinazopendeza kwa sababu hii tu.

Katika mfano wetu, ratiba inatua palepale kwenye tarehe ya mkataba. Zimebaki siku 60 za kazi za kumalizia jengo, kikosi kina watu 20, na kila mtu anafanya saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Bonasi ni vizio 3,500 kwa kila siku kamili.

## Hatua ya 3: Tenga kazi zinazobana ratiba

Saa za ziada zina maana kwenye kazi ambazo zikichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Kazi nyingine zina nafasi ya kusubiri, na kuziharakisha ni kulipa zaidi ili zikamilike mapema na kukaa zikingoja.

Pitia ratiba na uweke alama kwenye mlolongo wa kazi zisizo na nafasi. Kisha futa zile ambazo saa za ziada haziwezi kuzisukuma. Zege halikomai haraka kwa sababu mafundi wamebaki hadi usiku. Lipu inahitaji kukauka kabla ya rangi. Lifti iliyoagizwa itafika siku itakapofika. Mkaguzi wa umeme ana ratiba yake. Zikiondolewa hizo, mlolongo unaobaki huwa mfupi kuliko ulivyodhaniwa.

Sasa tazama mlolongo wa pili kwa ubanaji. Katika mfano wetu, kazi za mabomba na umeme zina nafasi ya siku 4. Kikosi cha kumalizia kikiokoa siku 4, mlolongo wa mabomba na umeme unakuwa ndio unaobana, na siku ya tano haipatikani bila kuulipia saa za ziada mlolongo huo nao. Andika kikomo hicho: siku 4.

Onyo: mkandarasi mdogo, yaani yule uliyempa sehemu ya kazi, asiyekuwa na fungu katika bonasi hana sababu ya kukimbia. Kama mlolongo unaobana unapita mikononi mwake, mapatano naye yaandikwe kabla ya saa ya kwanza ya ziada, na gharama yake iingie kwenye hesabu.

## Hatua ya 4: Pata gharama kamili ya saa moja ya ziada

Saa ya kawaida katika mfano inalipwa vizio 10, na makato ya mwajiri, yaani bima na michango ya hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya malipo. Jumla ni vizio 12. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, vizio 15, na makato yakiongezeka kwa kiwango hichohicho inakuwa vizio 18. Hakiki makato yako moja baada ya jingine, kwa kuwa mengine yana ukomo na hayaongezeki na saa.

Usidhani kiwango cha mara moja na nusu ni cha kila mahali. Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919, unaohusu viwanda pamoja na ujenzi, unaweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na unataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara 1.25 ya malipo ya kawaida. Sheria za nchi nyingi zinadai zaidi ya hapo, hasa kwa siku ya mapumziko na sikukuu, na nyingi zinaweka pia idadi ya juu kabisa ya saa za ziada. Idadi hiyo ni ukuta. Mpango unaoivuka haupelekwi kwenye hesabu.

Ongeza gharama zinazofuata saa zenyewe: msimamizi anayebaki, taa na mafuta ya jenereta, usafiri wa usiku, chakula, ulinzi. Katika mfano zinafika vizio 540 kwa wiki kwa kikosi kizima.

Kwa hiyo wiki moja ya saa mbili za ziada kila siku inagharimu hivi: watu 20, mara saa 12, mara vizio 18, ni vizio 4,320. Ukiongeza 540, unapata vizio 4,860 kwa wiki.

## Hatua ya 5: Pima tija, na uipime kwenye saa zote

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapovunjika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Hesabu ya haraka inasema: kutoka saa 8 hadi saa 10 ni ongezeko la robo, basi kazi ya siku 60 itakwisha kwa siku 48, na siku 12 zitaokolewa. Bonasi ya siku 12 ni vizio 42,000. Malipo ya saa za ziada ya siku 48, bila zile 540 za kila wiki, ni vizio 34,560. Faida ni vizio 7,440, hata kabla ya kuhesabu gharama za saiti zitakazopungua, na mkandarasi anatia saini. Kila namba katika aya hii imezidishwa sawasawa, na hitimisho lake ni la uongo.

Mtu anayejua atafanya kazi saa kumi kwa siku hafanyi saa nane za kwanza kama alivyokuwa akizifanya. Anapunguza mwendo asubuhi ili abakishe nguvu. Baada ya wiki chache anaanza kukosa siku moja moja, kasoro zinaongezeka, na sehemu ya kazi ya leo ni kurekebisha ya jana. Kwa hiyo uchovu hauli saa mbili za mwisho peke yake. Unakula saa zote kumi.

Ripoti ya Business Roundtable, umoja wa wakuu wa makampuni makubwa ya Marekani, ya mwaka 1980 kuhusu saa za ziada katika ujenzi ilionya kwamba wiki ya saa 60 au zaidi ikiendelezwa kupita takribani miezi miwili, tija inashuka kiasi kwamba mradi unaweza kukamilika baadaye kuliko ambavyo kikosi kilekile kingeukamilisha kwa wiki ya saa 40. Sikushauri uchukue namba za watu wengine na kuzipachika kwenye saiti yako. Chukua onyo lao, kisha pima mwenyewe.

Namna ya kupima ni hii. Chagua kazi moja inayorudiwarudiwa, kwa mfano lipu. Katika wiki za kawaida, kikosi kidogo cha watu 6 kilifanya saa 288 na kupiga mita za mraba 432, yaani mita 1.5 kwa saa. Wiki ya kwanza ya saa za ziada, watu hao 6 wanalipwa saa 360. Kama tija isingeshuka, wangepiga mita 540. Ukipima na kukuta 513, tija imebaki asilimia 95. Usihesabu eneo litakalobomolewa na kupigwa upya. Hilo si kazi iliyofanyika.

Kabla ya kuendelea, tafuta namba moja muhimu kuliko zote: tija ambayo ikifikiwa, saa za ziada hazileti chochote. Gawanya saa za kawaida za wiki kwa saa zote za wiki. Kwetu ni 48 kwa 60, yaani asilimia 80. Tija ikishuka hadi asilimia 80, watu wanaofanya saa 60 wanatoa kazi ya saa 48, nawe unalipa saa 12 za ziada kwa kila mmoja bila kupata tofali moja zaidi. Ikishuka chini ya hapo, unalipia kuchelewa.

Tuseme vipimo vya mradi wetu wa mfano vimetoa asilimia 95 katika wiki mbili za kwanza, 90 katika wiki ya 3 na ya 4, 85 katika wiki ya 5 na ya 6, na 78 katika wiki ya 7.

Dalili ya kufanikiwa: una namba ya tija kwa kila wiki iliyotokana na kipimo cha futi kamba, na si kauli ya msimamizi kwamba vijana wanajituma.

## Hatua ya 6: Pata bei ya siku moja, wiki kwa wiki

Siku moja ya kawaida ya kikosi ni saa 160 za kazi yenye tija. Ili kuokoa siku moja ni lazima upate saa 160 juu ya zile ambazo ungezipata bila saa za ziada.

Wiki ya 1 na ya 2: saa 60 kwa asilimia 95 ni saa 57. Ongezeko ni saa 9 kwa mtu, au 180 kwa kikosi, sawa na siku 1.125 kwa wiki. Vizio 4,860 ukivigawa kwa 1.125, bei ya siku moja ni vizio 4,320.

Wiki ya 3 na ya 4: saa 60 kwa asilimia 90 ni saa 54. Ongezeko ni saa 6 kwa mtu, sawa na siku 0.75 kwa wiki. Bei ya siku moja ni vizio 6,480.

Wiki ya 5 na ya 6: ongezeko ni saa 3 kwa mtu, sawa na siku 0.375 kwa wiki. Bei ya siku moja ni vizio 12,960.

Wiki ya 7: saa 60 kwa asilimia 78 ni saa 46.8. Kikosi kinarudi nyuma. Hakuna bei, kwa kuwa hakuna siku inayouzwa.

Malipo ya saa ya ziada hayakubadilika hata kidogo katika wiki zote hizo. Yalibaki vizio 18. Kilichopanda mara tatu ni bei ya siku.

Kila siku iliyookolewa inakupunguzia pia malipo ya kawaida ya siku hiyo mwishoni mwa mradi, saa 160 mara vizio 12, yaani vizio 1,920. Toa kiasi hicho, na bei halisi inakuwa vizio 2,400, kisha 4,560, kisha 11,040. Lakini litoe kwa sharti moja: kikosi kiwe kinaondoka au kinahamia kazi nyingine inayolipa. Kama ni waajiriwa wa kudumu watakaokaa wakisubiri mradi unaofuata, punguzo hilo halipo, na bei zako ni zile za kwanza.

## Hatua ya 7: Linganisha na thamani ya siku, kisha hesabu siku kamili

Siku moja ya mapema inaleta bonasi ya 3,500, na inaokoa gharama za saiti, ambazo kwenye mfano ni vizio 1,200 kwa siku. Jumla ni vizio 4,700. Kwa kipimo hicho, wiki mbili za kwanza zina faida nzuri, mbili zinazofuata zinasawazisha tu, na mbili za mwisho ni hasara.

Sasa ingiza sharti la siku kamili, kwa sababu anayelipa bonasi hajui robo ya siku.

Ukisimama baada ya wiki 2, umeokoa siku 2.25. Bonasi inalipwa kwa siku 2, vizio 7,000. Gharama za saiti zilizookolewa ni 2,700. Bei halisi, 2,400 kwa siku, ni 5,400. Faida ni vizio 4,300.

Ukisimama baada ya wiki 3, umeokoa siku 3 kamili. Bonasi ni 10,500, saiti 3,600, bei 8,820. Faida ni vizio 5,280.

Ukisimama baada ya wiki 4, umeokoa siku 3.75, lakini bonasi bado ni ya siku 3. Saiti ni 4,500, bei 12,240. Faida imeshuka hadi vizio 2,760.

Ukiendelea hadi wiki 6, kikosi kimeokoa siku 4.5, lakini mabomba na umeme vinauzuia mradi kwenye siku 4, na bonasi ni vizio 14,000. Saiti ni 4,800, bei 20,520. Umepata hasara ya vizio 1,720.

Mkandarasi wa hesabu ya haraka aliona faida ya 7,440 kabla hata ya gharama za saiti. Kwa vipimo halisi anapata hasara, na bado hatujagusa wiki ya 7.

## Hatua ya 8: Shindanisha saa za ziada na njia nyingine

Saa za ziada ni njia rahisi kuamuru, na ndiyo maana hupendwa. Kabla ya kuzichagua, zishindanishe na tatu.

Kuongeza watu. Katika wiki bora kabisa, saa za ziada zilituletea saa 180 za kazi. Watu wanne zaidi kwa saa 48 za kawaida wanatoa saa 192 kwa malipo ya vizio 2,304, wakati saa za ziada zinakula 4,860. Tofauti ni kubwa hata ukiondoa siku chache za kuwazoesha kazi. Sharti ni kwamba kuwe na nafasi ya kufanyia kazi, zana za kutosha na mafundi wenye ujuzi unaotakiwa. Watu wanne wanaogongana kwenye ngazi moja hawaongezi kitu.

Zamu ya pili. Watu wapya wanaingia wakati wa kwanza wanatoka, hivyo uchovu haulimbikizani kwa mtu mmoja. Barabara kuu ya Santa Monica mjini Los Angeles, iliyoharibiwa na tetemeko la Northridge la Januari 1994, ilijengwa upya na kampuni ya C.C. Myers kwa kazi ya usiku na mchana. Ilikamilika siku 74 kabla ya siku 140 za mkataba, na bonasi ya dola 200,000 kwa siku ikafika dola milioni 14.8. Usiuchukue mfano huo kuwa ruhusa. Bonasi ya ukubwa ule inameza karibu kosa lolote la mishahara, na ni wachache wetu watakaowahi kusaini kifungu kama kile. Zamu ya pili inadai msimamizi wa pili, taa za kutosha, na makabidhiano ya maandishi kati ya zamu, ili wa usiku wasifukie bomba ambalo wa mchana hawajalijaribu.

Saa za ziada kwa vipindi. Hii ndiyo ninayoipendelea kwa kikosi kidogo. Wiki mbili za saa za ziada, wiki mbili za kawaida, kisha wiki mbili nyingine. Kama vipimo vinaonyesha kuwa tija inarudi baada ya mapumziko, vipindi viwili vya asilimia 95 vinaokoa siku 4.5 kwa bei ya vizio 10,800. Bonasi ya siku 4 pamoja na gharama za saiti za siku 4 ni 18,800, na faida ni vizio 8,000. Siku zilizookolewa ni zilezile za mpango wa wiki sita mfululizo ulioleta hasara. Ziada ya nusu siku inabaki kuwa akiba dhidi ya mvua, kwa kuwa mlolongo wa mabomba na umeme unatuzuia kupita siku 4.

## Hatua ya 9: Weka uwezekano na mtiririko wa fedha

Mishahara inalipwa Jumamosi hii kwa uhakika. Bonasi italipwa miezi kadhaa baadaye, ikiwa itapatikana.

Chukua mpango wa wiki 3. Wiki ya tatu, kwa bei halisi, inagharimu vizio 3,420, na inaokoa gharama za saiti za 900. Zilizobaki, 2,520, zinategemea bonasi ya siku ya tatu. Gawanya 2,520 kwa 3,500, upate 0.72. Kama kwa uaminifu huoni zaidi ya asilimia 72 za uwezekano wa kuipata siku hiyo ya tatu, usiifanye wiki ya tatu. Na kumbuka kwamba mpango unaotua kwenye siku 3 kamili hauna akiba hata ya saa moja. Mvua ya asubuhi moja inatosha kuuangusha hadi siku 2.

Jumlisha pia gharama za saa za ziada kwa kila wiki na uziweke mbele ya tarehe utakayolipwa. Kama utakopa, riba ya miezi hiyo ni sehemu ya bei ya siku.

Onyo la usalama: kazi za juu, za kreni na za umeme zisiwekwe kwenye saa mbili za mwisho za siku ndefu. Panga huko kazi za ndani zisizo na hatari ya kuanguka. Ajali moja inaweza kusimamisha saiti kwa siku nyingi kuliko zote ulizonunua, na hilo ni dogo kuliko madhara yake kwa mtu aliyeumia.

## Hatua ya 10: Andika kikomo kabla ya kuanza

Kwenye karatasi moja, andika namba tatu na uzibandike ofisini kwenye saiti: wiki ya mwisho ya saa za ziada, tija ya chini kabisa utakayoivumilia, na bei ya juu kabisa ya siku moja. Kwa mfano wetu ni wiki mbili kwa kila kipindi, asilimia 90, na vizio 4,700. Zinaandikwa mapema kwa sababu, saa za ziada zikishaanza, mafundi wanakuwa wamezoea kipato kikubwa na mwenye mradi amezoea kuona taa zikiwaka, na kuzizima kunahitaji sababu iliyokubaliwa kabla.

Kila Jumamosi jioni, kabla ya kutayarisha malipo, msimamizi apime kazi ya wiki, agawanye kwa saa zilizolipwa, na aandike asilimia ya tija karibu na ile ya wiki iliyopita. Asilimia ikishuka chini ya kikomo, mafundi waambiwe jioni hiyohiyo kwamba kuanzia Jumatatu wanarudi kwenye siku ya saa 8 za kazi, na waelezwe lini kipindi kingine kitaanza ili wapange fedha zao. Ratiba nayo isahihishwe usiku huo, kwa kuwa huenda mlolongo unaobana umehama, na kikosi kinachostahili saa za ziada wiki ijayo ni cha mabomba.